Kung'oa gego la mwisho: ni kusukutua chumvi siku ile ile ndiko kunakoleta maumivu ya siku ya tatu?

NuruYaKimara (mleta uzi)
Wakuu habari. Naenda moja kwa moja maana maumivu hayaniruhusu kuandika sana. Juzi nimeng'olewa gego la mwisho la chini kushoto, lile lililolala likawa linamsukuma jirani yake, ilibidi wapasue fizi walikate vipande ndo likatoka. Siku ile na iliyofuata nilikuwa freshi tu, uvimbe wa kawaida, Panadol nameza nalala. Leo sasa ndo moto umewaka, maumivu yanatoka shimoni yanapanda sikioni mpaka kwenye kipanda uso, mdomo una harufu hata nikipiga mswaki, na nikimulika na tochi ya simu naona shimo liko tupu na pembeni kuna rangi ya kijivu.
Sasa hapa nyumbani ni ugomvi. Dada yangu anasema chanzo ni kusukutua maji ya chumvi jioni ile ile, eti ilitakiwa kusubiri mpaka kesho yake. Kule kliniki aliyenipa dawa alisema tu "kasukutue chumvi", lini hakusema. Nani yuko sahihi? Na mliopitia hii mlifanyaje?

Dereva_wa_Usiku
Pole sana dada. Chumvi msiisingizie. Kwetu Tanga ukirudi kung'oa jino unakuta bibi keshachemsha maji ya chumvi, unasukutua hapo hapo, na ukoo mzima una mapengo yaliyopona vizuri. Hiyo yako nahisi wameacha mzizi, walivyolikata vipande kuna kimoja kimebaki. Rudi wakupige eksirei.

Koleo_na_Kioo
Pole Nuru. Nafanya kazi ya meno, niandike kirefu kidogo kwa sababu hili swali naulizwa karibu kila wiki.
Jino likitoka linaacha tundu kwenye mfupa. Damu inajaa mle, inaganda, na hilo bonge la damu ndilo linaloufunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Bonge likitoka au likiyeyuka mapema mfupa unabaki wazi, chakula na hewa vinaugusa, hapo ndo yanakuja maumivu ya kupanda sikioni, harufu na ladha mbaya mdomoni. Sisi tunaita drai soketi, tundu kavu. Mara nyingi inaanza kati ya siku ya pili na ya nne. Meno ya kawaida yanayong'olewa inawapata wachache, kama wawili mpaka watano kwa kila watu mia, ila magego ya mwisho ya chini hasa yaliyopasuliwa namba inapanda mno.
Kuhusu muda dada yako yuko sawa. Saa 24 za mwanzo husukutui kitu, hutemi mate kwa nguvu, hunyonyi chochote na huchokonoi pengo kwa ulimi. Kesho yake ndo unaanza: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, unayaweka mdomoni, unageuza kichwa taratibu upande huu na huu, halafu unainama unafungua mdomo yamwagike yenyewe. Ule mtindo wa kusukutua mpaka mashavu yanavimba na kutema kwa kishindo ndo unaong'oa bonge, chumvi yenyewe haina kosa.
Lakini sijasema ndo iliyokuharibia wewe, hilo siwezi kulisema bila kukuona. Rudi kliniki leo leo.

MamaWatatu_Moro
Koleo asante kwa shule. Kuna kitu watu wanachanganya hapa. Mume wangu alipotolewa lake alikuta tundu lina utando mweupe unaoelekea njano akasema huu usaha, akachukua njiti ya pamba akaanza kukwangua, damu ikaanza upya usiku wa manane tukahangaika. Kumbe ule utando ndo kidonda kinapona.

Koleo_na_Kioo
Kabisa MamaWatatu. Utando mweupe laini bila maumivu makali ni uponaji, uache. Kidonda cha mdomoni hakifanyi gaga gumu la kahawia kama la goti kwa sababu muda wote kimelowa mate. Usaha ni mwingine, unatoka ukibonyeza, unakuja na homa na uvimbe unaozidi badala ya kupungua. Na anachokielezea Nuru ni kingine tena, tundu tupu na maumivu yanayoongezeka. Uvimbe wa kawaida unafika kileleni siku ya pili ya tatu halafu unashuka, ukiona unapanda baada ya hapo ujue kuna jambo.

Mkarafuu_Wete
Poleni nyote. Huku kwetu Pemba jambo hili halisumbui watu hivo. Mafuta ya karafuu kidogo kwenye pamba, unaweka juu ya kidonda, maumivu yanakatika unalala. Hata hayo madawa wanayoweka madaktari kwenye shimo ukinusa utasikia harufu ya karafuu, kwa hivo wanatuuzia karafuu yetu wenyewe.

Koleo_na_Kioo
Mkarafuu umesema kweli nusu. Dawa nyingi za kuweka kwenye tundu kavu zina yujinoli, ambayo ndo kiini cha mafuta ya karafuu, ndo maana harufu ni ile ile. Tofauti ni kipimo. Mafuta yenyewe bila kupunguzwa yanaunguza fizi, nimeona watu wana kidonda cheupe cha kuungua shavuni juu ya kidonda cha jino. Na ukishindilia pamba wiki ya kwanza unaweza kuling'oa bonge lililokuwa linakusaidia. Kliniki tunaosha tundu kwanza ndo tunaweka dawa, na tunajua siku ya kuitoa.

Mkarafuu_Wete
Sawa daktari, mie nasema nilivoona kwa wazee. Wazee hawashindilii, wanagusisha tu kisha wanatoa.

Likoni_Ferry
Salamu kutoka Mombasa. Mbona hakuna mwenye ameuliza mambo ya fegi? Binamu yangu aling'olewa asubuhi, jioni alikuwa baraza na sigara yake, kesho yake muguka, yale majani ya kutafuna, shavuni upande ule mwingine akisema huku ni mbali na kidonda. Siku ya tatu alikuwa analia na ni mtu mzima ana ndevu. Dentisti alimwambia ule moshi na ile kuvuta ndio shida, nikotini inapunguza damu kwenye fizi halafu ukivuta unanyonya bonge litoke. Sasa huyo muguka sijui aliambiwa nini.

KitengeNaSuti
Likoni huyo binamu yako ana moyo wa chuma. Nuru unavuta sigara au shisha? Na usikasirike nakuuliza hadharani, unatumia vidonge vya majira? Mimi kabla ya kung'olewa niliulizwa hilo swali nikashangaa, nikaambiwa wanawake wanaomeza vidonge vya uzazi wanapata hii drai soketi zaidi ya wasiotumia, homoni zinahusika na jinsi damu inavyoganda na kuyeyuka. Tangu hapo kila nikisikia mtu analaumu chumvi nawaza hilo kwanza.

NuruYaKimara
Sivuti chochote. Vidonge ndio natumia, na hakuna aliyeniuliza kule. Ila mrija nilitumia, dafu siku ile ya kwanza jioni, na mtindi wa kopo.

Dereva_wa_Usiku
Haya sasa washitakiwa wameongezeka, chumvi, dafu na vidonge. Mimi bado nipo na mzizi.

SaidiFundiPampu
Mrija ndio wenyewe. Nafunga pampu za maji, najua kunyonya kunafanya nini. Ukinyonya mrija mdomo mzima unatengeneza mvuto na chochote ambacho hakijashika kinafuata. Dafu zuri sana kwa mgonjwa lakini limimine kwenye kikombe. Soda nayo weka pembeni siku hizo, vile vipovu havifai kwenye kidonda kibichi.

Daktari_wa_Mtaa
Mnazunguka sana, hiyo ni infeksheni. Harufu, maumivu ya sikio, hiyo inataka antibayotiki. Nunua amoksilini na Flagyl duka la dawa, siku tano kwisha habari.

Koleo_na_Kioo
Hapana, tena hapana kubwa. Daktari_wa_Mtaa usimpe mtu dawa kwa harufu aliyoisimulia kwenye simu. Sikio linauma kwa sababu mshipa wa fahamu wa taya la chini una matawi yanayofika mpaka maeneo ya sikio, sikio lenyewe zima. Tundu kavu peke yake si infeksheni ya kutibiwa kwa antibayotiki, tiba yake ni kuosha tundu, kuweka dawa na kumpa mtu kituliza maumivu cha kweli. Antibayotiki tunatoa tukiona usaha, homa, uvimbe unaosambaa, au mgonjwa ana hali inayohitaji. Tukizila kila jino likiuma siku tutakayozihitaji hazitafanya kazi.

PharmTech_Mwanza
Niongeze upande wa maumivu maana hapo ndo watu wanaumia. Mtu mzima paracetamoli gramu moja, yaani vidonge viwili vya mg 500, kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa saa 24. Ibuprofeni mg 400 ukiwa umekula inashusha na uvimbe, na hizi mbili zinaweza kwenda pamoja kwa sababu zinafanya kazi kwa njia tofauti. Ila mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, mjamzito, au pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo asiguse ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza. Na tafadhali someni boksi, kuna vidonge vya diklofenaki ambavyo ndani tayari vimechanganywa na paracetamoli, mtu anameza hivyo halafu anaongeza Panadol juu, ini linabeba mzigo mara mbili. Aspirini kwa maumivu ya jino lililong'olewa iache, inazuia damu kuganda, na wale wanaoisaga wakaipaka kwenye fizi wanajichoma. Anayeitumia kwa ajili ya moyo kwa maelekezo ya daktari wake asiiache mwenyewe, aulize.
Wale mliopewa Flagyl na wikiendi inakaribia, pombe hapana, hata karatasi ya dawa inasema.

MamaWatatu_Moro
Tuongee chakula basi maana mgonjwa wa jino anakonda kwa woga wa kula. Nyumbani nilimpikia mume wangu mtori, ndizi na nyama vinachemka mpaka nyama inaachia yenyewe, unaponda vyote, unaongeza maziwa kidogo badala ya pilipili, unaacha upoe mpaka uwe wa vuguvugu. Usimpe wa moto siku ya kwanza, kwanza bado ana ganzi anaweza kuungua mdomo asijue, pili joto linaamsha damu. Parachichi la kuponda, mayai ya kuvuruga laini, uji wa ulezi uliopoa kwa kijiko na si kwa mrija, viazi vya kuponda, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Ugali laini na mlenda siku ya tatu nne unashuka vizuri sana, anatafuna upande mwingine. Wali usiuharakishe, punje inaingia shimoni na kuitoa ni kazi. Karanga, bisi, kashata, muhogo wa kukaanga, mishikaki ya pilipili, vyote vikae mbali.

Likoni_Ferry
Mama wewe unafaa kufungua hoteli ya waliong'olewa meno. Hiyo ya wali kwetu huku Pwani itakuwa vita, mtu akae wiki bila wali?

MamaWatatu_Moro
Apikiwe bokoboko! Huo ndio wali wenu wa hospitali, au si chakula cha Pwani?

Mkarafuu_Wete
Bokoboko si wali mama, ni ngano na nyama. Lakini umepatia, laini na linashiba.

Mtanashati_Iringa
Mimi kesi yangu ni ya juu. Nilitolewa gego la mwisho la juu kulia, kesho yake nakunywa maji yanatokea puani, nikaogopa kuliko maumivu yenyewe. Wakaniambia mizizi ya juu iko jirani na uwazi wa ndani ya shavu unaofunguka puani, kumetokea katundu. Nikakatazwa kupenga makamasi, chafya nipige mdomo ukiwa wazi, nisivute kitu. Katundu kadogo kakajifunga kenyewe, kakubwa ungeshonwa. Kwa hiyo mnaongea ya chini sana lakini ya juu nayo yana mambo yake.

Dereva_wa_Usiku
Ndo maana wazee walikataza kung'oa meno ya juu, wanasema macho yanafifia.

Koleo_na_Kioo
Hapo Dereva ngoja. Mshipa unaokufanya uone ni mwingine kabisa, unatoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo, haupiti kwenye meno. Watu wanang'olewa meno yote ya juu na wanasoma gazeti. Kinachotokea ni uvimbe wa shavu kufika chini ya jicho, jicho linakuwa dogo kwa siku chache, basi hadithi inazaliwa. Mtu akikaa na jino bovu la juu lenye usaha kwa kuogopa kupofuka, hapo ndo anajiweka pabaya, usaha wa meno ya juu unaweza kupanda.

Dereva_wa_Usiku
Sawa mkuu hilo nimelichukua, mama yangu ana la juu linamsumbua tangu mwaka jana na anakataa kwa sababu hiyo hiyo. Nitamsomea hapa.

NuruYaKimara
Wakuu nimerudi kliniki. Eksirei wamepiga, mzizi haupo, pole Dereva. Akaosha tundu na maji ya chumvi ya hospitali kwa bomba la sindano, chakula kikatoka, akaweka utepe wenye dawa, na kweli Mkarafuu unanuka karafuu. Maumivu yakashuka nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Natakiwa kurudi wabadilishe. Nimemuuliza chanzo ni chumvi, dafu au vidonge, akasema vyote vinawezekana na jino lenyewe lilikuwa gumu kutoka, hataji kimoja. Dada yangu hajaridhika na hilo jibu.

Dereva_wa_Usiku
Eksirei imeongea nakubali. Basi ni ule ugumu wa kulitoa, wakikata mfupa sana lazima uchelewe kupona.

KitengeNaSuti
Dereva anahama tu hoja. Ila hilo nalo lipo, niliambiwa likikaa mkononi mwa daktari muda mrefu na mfupa ukaumizwa hatari inaongezeka. Mimi bado nasema wanawake tuulizwe vidonge KABLA, maana hilo linajulikana mapema, siyo tuje tulaumiane na chumvi.

SaidiFundiPampu
Na mrija. Msiusahau mrija.

Anko_Bujumbura
Amani kwenu. Mimi mdomo wa chini umekufa ganzi tangu nimeng'olewa, wiki sasa, nikinyoa ndevu sisikii wembe upande mmoja. Maumivu sina. Hii nayo ni drai soketi?

Koleo_na_Kioo
Anko hapana, hiyo ni mshipa wa fahamu wa taya la chini, unapita chini kabisa ya mizizi ya gego la mwisho, umeguswa au umeminywa na uvimbe. Wengi hisia zinarudi zenyewe, wiki kadhaa au miezi, zikianza kurudi unasikia kama kuwashwa au kutekenywa. Lakini aliyekung'oa lazima ajue sasa hivi, aandike eneo lililokufa ganzi na akufuatilie, usikae nayo kimya. Na uangalie usiung'ate mdomo ukila.
Kwa wote: kuna dalili ambazo hamsubiri asubuhi wala kuuliza mtandaoni. Damu inayotiririka hata baada ya kung'ata gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kwa nguvu nusu saa ukiwa umekaa wima, ukiiangalia kila dakika mbili unaanza upya. Uvimbe unaoshuka chini ya kidevu na shingoni, ulimi kuinuka, kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, kupumua kwa shida. Hiyo ni hospitali kubwa usiku huo huo, inaweza kuziba njia ya hewa.

MamaWatatu_Moro
Gozi ikiisha nyumbani? Sisi tuko mbali na barabara.

Koleo_na_Kioo
Kitambaa safi cha pamba kikunje kiwe kinene, kilowanishe kidogo kisishikamane na bonge, ng'ata. Hata kifuko cha majani ya chai nyeusi kilicholowekwa kikapoa kinasaidia, ile tanini inakaza mishipa midogo. Pamba ya kunyofoa usitumie, nyuzi zake zinabaki tunduni.

Bahari_Beach_Kid
Nimesoma uzi wote nina ahadi Ijumaa natolewa mawili, mnaniogopesha. Barafu inawekwa lini na mswaki lini?

PharmTech_Mwanza
Barafu siku ya kwanza, ifunge kwenye taulo, nje ya shavu, robo saa unaweka robo saa unatoa. Kuanzia siku ya pili ya tatu taya likikaza geukia kitambaa cha uvuguvugu na uanze kufungua mdomo taratibu. Mswaki unapiga usiku ule ule meno mengine, pale kwenye kidonda unaruka. Lala umeinua kichwa na mito miwili, gym na kubeba ndoo uache siku chache.

Mtanashati_Iringa
Na nyuzi usizivute, nyingi zinayeyuka zenyewe ndani ya wiki au mbili. Mimi baada ya kama mwezi kuna kitu kigumu kikatokeza kwenye fizi nikadhani jino jingine linaota, kumbe ni kipande cha mfupa kinatoka chenyewe.

Dereva_wa_Usiku
Koleo nimemsomea mama hapa, amekubali kwenda ila ana kisukari na anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, kuna mtu kamwambia aiache wiki nzima kabla ya kung'oa.

Koleo_na_Kioo
Asiiache! Kiharusi ni kibaya kuliko damu ya jino. Aende na kadi yake ya kliniki na vidonge vyote anavyotumia kwenye mfuko, wapime damu inavyoganda na sukari siku ile, daktari wake wa moyo na wa meno waongee. Ang'olewe asubuhi akiwa amekula na amemeza dawa zake za sukari kama kawaida, ili ikitokea damu inasumbua mchana bado kliniki iko wazi. Na wewe dereva wa usiku siku hiyo usiingie kazini, kaa naye.